Plagi Nne Zenye Namba Mbili

Gari la Bwana Miwani liliingia gereji Alhamisi saa nne asubuhi, jua limeshapanda na kila kitu kinaonekana wazi, kwa hiyo asije mtu akasema baadaye kwamba Fundi Trei alidanganywa na giza. Lilikuwa gari dogo jeupe la milango miwili, na mlio wake ulikuwa ule ambao mtaa huo haukuusikia kwa miaka sita. Injini za kawaida hunguruma. Hii ilidonoadonoa haraka haraka, kama mtu anayepiga ulimi kwenye kaakaa bila kuvuta pumzi.

Kwenye chumba cha nyuma ya gereji, mama yake Fundi Trei aliangusha kijiko cha chai.

"Rubani huyo," akasema. "Mwanangu amerudi."

Rubani lilikuwa jina la utani la mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa akiendesha gari kana kwamba linakaribia kupaa. Miaka sita iliyopita aliondoka asubuhi moja katika gari la injini kama hii, akasema atarudi Jumapili kuwajulia hali. Hakurudi yeye, halikurudi gari, haikurudi hata habari.

"Siyo yeye, mama," Fundi Trei alijibu kwa sauti kupitia dirishani. "Ni mteja."

Lakini na yeye moyo ulikuwa umemlipuka. Aliweka spana chini, akatoka kulipokea gari.

Tumjue kidogo huyu mwanamke, maana ana mambo yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, gereji aliirithi kwa baba yake pamoja na ujuzi wa injini za rota, injini zisizo na pistoni zinazopanda na kushuka, bali pembetatu ya chuma inayozunguka tumboni mwao. Mafundi wengine wakiliona gari la rota hukumbuka ghafla kwamba wana msiba mahali. Yeye alilipenda. Jina la Fundi Trei alipewa kwa sababu hakuwahi kutupa plagi kuukuu hata moja, ya rota au ya gari la kawaida. Alizipanga kwenye trei za mayai, nne nne, zikajaa rafu mbili, na kila seti akaipa namba. Namba hiyo aliichora mwenyewe kwa msumari mgumu kwenye ile sehemu ya pembe sita inayoshikwa na spana, kabla hajaifunga plagi kwenye gari. Nukta moja kwa plagi ya chini, nukta mbili kwa ya juu, maana kwenye rota hizo hazibadilishani nafasi. Watu walimcheka, wakamwuliza kama kuku wake wanataga vyuma. Yeye alisema plagi ni ulimi wa injini, ukitaka kujua imekula nini na inaumwa wapi, itoe ulimi uutazame.

Bwana Miwani aliteremka. Alikuwa muuza miwani kwenye duka la mtaa wa mbali, mwembamba, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata karatasi.

"Fundi, limekuwa zito," alisema. "Nikikanyaga mafuta linafikiri kwanza."

"Plagi ulibadilisha lini?"

"Plagi? Tangu lishuke melini mwaka jana sijagusa kitu. Nimelinunua jipya, la kwangu peke yangu."

"Mwaka mzima!" Fundi Trei alitikisa kichwa. "Bwana, plagi ya injini ya kawaida huwaka, ikapumzika, ikawaka tena. Ya rota haipumziki. Kila mzunguko inawaka. Na injini yenyewe inachoma oili kidogo juu yake. Wewe umemfanyisha mtu kazi usiku na mchana halafu unamshangaa amechoka."

Bwana Miwani alicheka, akaenda kukaa kwenye benchi. Fundi Trei aliinama chini ya boneti, akachomoa waya, akatia spana. Plagi ya kwanza ilitoka kwa shida. Aliifuta kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga.

Aliifuta tena, akatazama upya.

Kwenye pembe sita palichorwa namba hamsini na saba, kwa mkono wake, saba yenye mkia aliofundishwa na baba yake. Chini ya hiyo hamsini na saba chuma kilikuwa kimepigwa tupa, na ndani ya mikwaruzo ya tupa bado ilisomeka namba nyingine, arobaini.

Alizitoa tatu zilizobaki. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Hamsini na saba juu ya arobaini, nukta moja, nukta mbili, nukta moja, nukta mbili. Ncha zake zilikuwa zimelika hata hakukuwa na cha kurushia cheche. Fundi Trei alikaa kwenye sakafu yenye oili bila kujali suruali yake, maana katika dunia nzima plagi zenye namba mbili zilikuwa nne tu, na alijua zilipo. Au alijua zilipokuwa. Alizifunga mwenyewe kwenye gari la mdogo wake asubuhi ile aliyoondoka.

Na hapo ndipo penye donda lake, kwa hiyo tuliseme sasa hivi. Rubani alikuwa amepata kazi ya udereva mji wa mbali, na wiki ile alimwomba dada yake amwekee plagi mpya kwa ajili ya safari. Seti mpya ilikuwepo rafuni. Lakini Jumatano akaja mteja mwingine wa rota, mwenye haraka na maneno mengi, Fundi Trei akampa yeye. Ni ugonjwa wa mafundi wote huo. Mteja hangoji, wa nyumbani atangoja. Alitegemea seti nyingine ingefika Alhamisi. Haikufika. Ijumaa asubuhi Rubani ameshafunga mizigo, na dada mtu akaona aibu. Alizitoa plagi zile zile za zamani, akazisugua kwa brashi ya waya, akaziosha kwa petroli, akarekebisha mwanya wa kurushia cheche, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada. Alifuta arobaini kwa tupa, akachora hamsini na saba.

Rubani alipowasha gari, mama yake alitoka mbio. Hakuitaka kazi ile ya mbali. Rubani akazima injini ili amsikilize, na injini ya rota ukiiwasha ikiwa baridi ukaizima papo hapo, humeza petroli ikajikaba. Mama alisema mengi, na la mwisho lilikuwa, "Basi ukitoka kwenye lango hilo, usirudi." Akampa mgongo. Rubani alipiga stata mara ya kwanza, ya pili, ya tano, gari linakohoa tu. Alitoa kichwa dirishani, akamwangalia dada yake.

"Dada, plagi umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

Injini ikashika. Akapunga mkono, akaenda. Jioni mvua ilinyesha huko milimani, na barabara aliyoishika inapita daraja la chini, lile ambalo mto ukijaa hupitiwa na maji juu. Walitafuta, hawakuona gari. Polisi walisema vijana wengi huanza maisha mapya mahali wasikojulikana. Jirani mmoja mwenye mdomo akasema ametii neno la mama yake.

Neno hilo mama alilishika. Miaka sita aliamini kwamba mwanawe yuko hai mahali fulani, amenuna, hataki kurudi kwa sababu alikatazwa. Aliacha kutoka nje. Magoti yalikufa ganzi kwa kukaa dirishani. Na Fundi Trei, ambaye sentensi moja tu kutoka kinywani mwake ingemtua mzigo ule, alikuwa akimpelekea chai kila asubuhi na kunyamaza. Alimpenda mama yake, hilo sina shaka nalo. Lakini alijipenda pia, na alilipenda jina lake la fundi asiyedanganya. Alikuwa mwoga, na alijua kwamba ni mwoga.

"Fundi, kuna tatizo?" Bwana Miwani aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Hakuna," alisema, akainuka. Alichukua seti mpya, akachora mia na kumi na mbili, akafunga. Zile nne aliziweka kwenye trei, sehemu ya peke yake, kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota kaa la moto.

Bwana Miwani aliwasha. Mlio ukawa safi. Alitoa kichwa dirishani.

"Umebadilisha zote, siyo?"

"Nimebadilisha," alisema Fundi Trei, na safari hii neno lilikuwa kweli.

Alipompelekea mama chakula cha mchana, alimkuta ameshika kikombe cha Rubani, kile cha bati kilichobonyea ubavuni, anakifuta kwa ncha ya kanga.

"Nilidhani ameghairi," mama alisema. "Nilidhani amesema, mama ni mama, ngoja nirudi. Kumbe bado ana hasira na mimi."

"Kula, mama. Kinapoa."

Akamsogezea sahani.

Alhamisi iliyofuata, saa nne ile ile, gari jeupe lilirudi likirukaruka kama lina kwikwi. Bwana Miwani aliteremka bila tabasamu.

"Fundi, mimi sipendi kumsema mtu vibaya. Lakini niambie ukweli, ulinibadilishia kweli?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza Fundi Trei swali hilo kwa sauti ile. Alifungua boneti kwa hasira, akachomoa ya kwanza, na hasira ikamtoka yote kwa mpigo mmoja. Hamsini na saba juu ya arobaini. Zote nne. Safari hii zilikuwa zimelowa petroli mbichi, zinatona, na ncha zimepakwa masizi meusi ya injini iliyokabwa. Yeye aliyesoma ndimi za injini tangu utotoni hakuhitaji kuambiwa. Mtu alikuwa amepiga stata, akapiga tena, akapiga tena, mahali ambapo hakutaka kabisa gari limzimikie.

Alikwenda kwenye rafu. Kwenye trei, pale alipoziweka zile nne, zilikaa plagi za mia na kumi na mbili. Zilikuwa zimechakaa kama zilizotumika mwaka mzima.

"Nani amelifungua gari lako?" aliuliza.

"Nani wa kulifungua? Mji mzima fundi wa gari hili ni wewe. Ufunguo ninalala nao."

Na ufunguo wa gereji Fundi Trei aliuvaa shingoni. Alijikaza. Alimwita Bwana Miwani asogee, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi alimfanya mteja awe shahidi. Bwana Miwani alitoa mfukoni kile kioo kidogo cha kukuzia ambacho hukitumia dukani, akakibana kwenye jicho, akasoma namba mpya moja moja kwa sauti, mia na kumi na tatu, mia na kumi na tatu, mpaka zote nne zikafungwa mbele yake. Zile za zamani Fundi Trei alizikusanya, akazifunga pamoja kwa waya, akapiga fundo la kusokota mara saba, akazitia kwenye kopo la bati lenye kufuli.

"Alhamisi uje tena," alisema. "Hata likienda vizuri, wewe lilete. Tutazame."

"Umenitisha, fundi."

"Hata mimi nimejitisha."

Wiki ile hakuwa mtu wa kusema naye. Aliunguza chai. Aliwatolea maneno makali wateja wawili wasio na kosa, kisha akawafuata nje kuwaomba radhi. Mchana akifanya kazi alisikia kudonoadonoa kule mahali mbali, nyuma ya kelele za mtaa, na alipozima mashine asikilize, hakusikia kitu. Mama alisikia pia. Alianza kuacha dirisha wazi.

"Linapita mbali," mama alisema Jumatatu. "Halipiti hapa. Anazunguka tu. Labda anasubiri nimwite, na mimi nitamwitaje wakati nilimfukuza mwenyewe?"

Fundi Trei alifungua mdomo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Mama alimtazama kwa macho yaliyojaa subira, akingoja asemacho, na yeye akasema kwamba vifungo vya blauzi ile ya bluu vinahitaji kushonwa.

Alhamisi ilifika. Gari liliingia likienda kwa raha kabisa, mlio wake safi, wala halikukohoa. Bwana Miwani mwenyewe alikuwa amechangamka.

"Leo sina lalamiko," alisema. "Nimekuja kwa sababu tulikubaliana."

"Zima."

Alizima. Halafu likasikika tone. Tone moja, na jingine, chini ya injini, kwenye sakafu kavu ya msimu mkavu ambao haujaona mvua miezi mitatu. Fundi Trei aliinama, akagusa kwa kidole, akanusa. Hayakuwa mafuta. Yalikuwa maji yenye harufu ya matope.

Alitia spana. Plagi ya kwanza ilitoka na tope. Tope laini la kahawia, lile ambalo mto huacha ukingoni, lilikuwa limejaa mpaka ndani, na kwenye hesi zake, ile mistari ya kukazia kama ya skrubu, palishikamana mchanga. Ya pili vivyo hivyo. Kwenye ncha ya tatu ulijiviringisha unyasi mmoja wa majini, mbichi, wa kijani. Plagi kama hizo haziwezi kurusha cheche hata kwa dawa. Na gari lilikuwa limeingia hapo linaimba.

Bwana Miwani alichukua moja, akaifuta kwa leso yake safi, akabana kioo jichoni. Alikuwa mtu wa kuangalia vitu vidogo, na kazi ilimtawala kuliko hofu.

"Hamsini na saba," alisoma. "Ngoja. Hapa pamepigwa tupa. Chini yake kuna arobaini." Alikitoa kioo, akamtazama. "Fundi, aliyefanya hivi alikuwa na haraka. Ameandika namba mpya juu ya plagi ya zamani. Hii ilikuwa bado ya zamani, siyo? Haikubadilishwa."

Fundi Trei aliweka spana chini. Alisikia nyuma yake dirisha la mama likisukumwa wazi zaidi.

"Haikubadilishwa," alisema. Lilikuwa neno dogo tu, na lilimchukua miaka sita kulisema. "Siyo zako, bwana. Ni za mdogo wangu."

Bwana Miwani alikuwa ameisikia habari ya Rubani, nani hakuisikia? Aliiweka plagi kwenye kitambaa polepole, akarudi nyuma hatua mbili, akapangusa vidole kwenye shati lake lililopigwa pasi na kuliacha na mistari ya tope.

Kopo la bati Fundi Trei alilifungua kwa sababu tu alitaka kumaliza. Kufuli ilikuwa salama. Ndani zilikuwemo plagi za mia na kumi na tatu, zimelika, zimefungwa kwa waya ule ule kwa fundo lile lile la kusokota mara saba. Hakushangaa tena. Alizikusanya zile nne zenye tope, akazipanga kwenye kipande cha trei, akaelekea chumba cha nyuma. Boneti aliiacha wazi, matundu manne ya plagi yametazama juu, matupu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, blauzi ya bluu mapajani, sindano mkononi.

"Mama," alisema Fundi Trei, akapiga magoti mbele yake. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yakamkimbia yote. "Rubani hakuwa na hasira na wewe."

Mama aliacha kushona.

"Siku ile sikumbadilishia plagi. Seti yake nilimpa mteja. Nikazisafisha za zamani, nikafuta namba, nikaandika nyingine. Akaniuliza, nikamwambia nimebadilisha. Ulisikia mwenyewe stata ilivyokuwa inakohoa. Mimi nilijua kwa nini, na nikamwacha aende." Aliinua kipande cha trei. "Hakukataa kurudi, mama. Gari lilimzimikia darajani. Alipiga stata mpaka maji yakafika. Alitaka kutoka pale. Alitaka kurudi nyumbani."

Mama alizitazama zile plagi. Alinyoosha mkono, akaokota ile yenye unyasi, akaifunika kwenye kiganja chake. Nje hapakuwa na sauti isipokuwa tone, na tone, kwenye sakafu.

"Kwa hiyo hakuninunia," alisema.

"Hapana, mama."

"Kwa hiyo amekufa, lakini hakuninunia."

Alilia. Hakikuwa kilio cha msiba peke yake, kilikuwa kama cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni baada ya safari ndefu na sasa ndiyo anausikia uzito wake. Fundi Trei alilia naye, kichwa kwenye magoti ya mama, na kwa kitambo kidogo alidhani yamekwisha.

Halafu mkono wa mama ulisimama juu ya kichwa chake.

"Miaka sita," mama alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Miaka sita unaniletea chai hapa. Unaniona ninavyofuta kikombe chake. Unanisikia nikisema nilimfukuza. Ukanyamaza?"

"Mama, niliogopa."

"Jirani alisema mbele yako kwamba mwanangu ametii neno langu. Ukanyamaza! Toka. Toka mbele ya macho yangu!"

Fundi Trei alisimama. Aliuendea mlango, na alipoweka mkono kwenye kitasa aliisikia. Langoni, karibu kabisa, injini ilikuwa ikidonoadonoa. Kupitia dirishani alimwona Bwana Miwani amesimama katikati ya uwanja, mikono imemlegea, amelikodolea macho lango. Gari lake lilikuwa pale pale alipoliacha, boneti wazi, matundu matupu. Na langoni hapakuwa na kitu, ila mlio ule, na vumbi la barabara likitetemeka kidogo mahali ambapo magurudumu yangekuwa.

Mlio ulikuwa unasubiri.

"Ukitoka kwenye mlango huo," mama alisema nyuma yake, "usi—"

Alikatika hapo. Fundi Trei aligeuka, akamwona mama yake amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka pima, kama aliyemwona mtu ameingia. Plagi ilikuwa imemdondoka ikabiringika mpaka ukutani.

Yule mwanamke ambaye magoti yake yalishakufa aliinuka. Aliinuka bila kushika kitu. Blauzi ikaanguka, sindano ikaanguka, akaipiga teke trei, plagi zikatawanyika chumba kizima, akaja akipepesuka na mikono mbele.

"Sikusema!" alipiga kelele. "Sikulimaliza! Rudi, mwanangu, rudi hapa, sikusema!"

Fundi Trei alirudi. Walikutana katikati ya chumba, na mama alimkamata kwa mikono miwili, mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine umeshika ovaroli yenye oili kwa nguvu iliyoumiza. Alikuwa bado ana hasira. Ilikuwa ikimtetemesha mwili mzima, na ingeendelea kuwepo siku nyingi baada ya hapo, asubuhi nyingine angekataa chai na nyingine asingemjibu salamu. Lakini hakumwachia.

Langoni injini ilipiga ile pumzi fupi ya gari linaloondoka, ikaingia barabarani, ikapanda mtaa, safi, haraka, bila kukohoa hata mara moja. Walisikiliza wote wawili mpaka ilipopotea.

"Sasa inakwenda vizuri," mama alisema, mdomo wake kwenye bega la binti yake.

"Ndiyo, mama."

"Kaa. Usiende popote."

"Siendi."

Walikaa sakafuni, katikati ya plagi zilizotawanyika. Uwanjani Bwana Miwani alikohoa, akaita kwa sauti ndogo ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa kuongea.

"Fundi? Samahani. Gari langu halina plagi."

"Subiri, bwana," Fundi Trei alijibu. Mkono wa mama ulikuwa bado umeishika ovaroli yake. "Leo utangoja."